Je, wajua kwa nini leza iliyosafisha jumba la Nickerson haikuunguza mawe yake?

Jumba hili liko Chicago, mtaa wa Erie. Samuel Nickerson, tajiri wa benki, alilijenga kati ya 1879 na 1883, baada ya moto mkubwa wa 1871 kuteketeza nyumba yake ya awali. Ndani alijaza marumaru kiasi kwamba watu wakaliita Kasri la Marumaru. Tangu 2008 ni Makumbusho ya Driehaus, nyumba ya samani, vioo vya rangi na taa za vioo za Tiffany, msanii wa Marekani.

Kuta za nje, ambazo ni za jiwe la mchanga, zilikuwa nyeusi tii kwa masizi ya makaa ya mawe. Zikasafishwa kwa leza. Wengi wakisikia hivyo huwaza mashine ya kukatia chuma, wakasema si afadhali wangepuliza mchanga kwa presha? Hapana, hiyo ndiyo ingeharibu. Mchanga haujui uchafu unaishia wapi na jiwe linaanzia wapi; hukwangua vyote, na kingo za nakshi huondoka navyo. Maji mengi nayo hunywewa na vitundu vya jiwe, yakasambaza chumvi humo. Na leza haikwangui chochote.

Siri ni rangi. Simameni wawili kwenye jua la saa saba, mmoja kavaa kanzu nyeupe, mwingine koti jeusi. Jua ni lilelile, ila mwenye koti ndiye anayeungua. Masizi ndiyo koti. Leza hupiga kwa mapigo ya sehemu za bilioni za sekunde, masizi yanafyonza sehemu kubwa ya nguvu, yanapata moto ghafla na kuruka kama vumbi kabla joto halijapenya ndani. Jiwe jeupe likishatokeza, hurudisha sehemu kubwa ya mwanga, na usafi unakoma wenyewe.

Unakoma, mradi fundi hajazidisha nguvu. Akizidisha, hata jiwe hulika. Tena mawe mengine hubaki na umanjano, na wataalamu bado wanabishana kama ni kazi ya leza au ni tabaka la zamani lililofichuliwa.

Mbinu yenyewe ilizuka kwa bahati. Mwaka 1972 mwanafizikia John Asmus alikwenda Venice kupiga hologramu, yaani picha za leza zenye pande tatu, za sanamu zilizokuwa zikiliwa na hewa chafu, akaijaribu leza yake kwenye ukoko mweusi, ukabanduka. Ila usiielekeze kwenye rangi nyeupe ya madini ya risasi iliyopakwa zamani: hiyo hugeuka nyeusi.