Nyota za Mtera hazitaki mwezi mpevu

Wengi wakipanga kupiga kasia na kulala kambini kando ya Bwawa la Mtera huchagua usiku wa mwezi mpevu, wakidhani ndipo nyota hupendeza. Kinyume chake: mwanga wa mwezi humeza nyota hafifu. Chagueni siku za mwezi mwandamo, au siku 5 baada ya kupevuka, maana hapo huchomoza baada ya saa 4 usiku. Julai mawingu ni machache.

Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na tochi ya simu huharibu yote mara moja. Ifunikeni kwa karatasi nyekundu. Mtumbwi uvuteni nchi kavu kabla ya jua kuzama, hema likae mbali na maji: viboko hutoka usiku kula majani, na mamba wapo.