Ngoma za Ufilipino: si mianzi peke yake

Ukitaja ngoma za asili za Ufilipino, wengi hukumbuka mianzi miwili inayogonganishwa huku vijana wakirukaruka katikati. Hiyo ni tinikling, na wala si ya makabila ya milimani, kama wengine wanavyodhani. Ni ngoma ya wakulima wa kisiwa cha Leyte. Miguu huiga ndege wa mashambani aitwaye tikling. Kuwabandika Wakalinga, watu wa milimani, tinikling ni kuwanyang'anya ngoma zao wenyewe.

Dhana: Ngoma ya uchumba ni kukumbatiana hadharani.

Ukweli: Tazama salidsid, ngoma ya uchumba ya Wakalinga, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon. Wapigaji sita wamepiga magoti, kila mmoja amepakata gangsa, yaani upatu bapa, anaupiga kwa viganja. Kila mtu ana pigo lake, na ni mapigo yote sita yakisukana ndipo ngoma inapokolea. Mwanamume anatanua mikono, anazunguka mbiombio kama jogoo anayeshusha bawa mbele ya mtetea. Mwanamke anasogea taratibu, hatua fupifupi. Hawagusani hata kidogo, na utamu wote umo humo. Alonzo Saclag wa Lubuagan, aliyetunukiwa heshima ya kitaifa ya wasanii wa jadi mwaka 2000, hakufundishwa darasani: aliwatazama wakubwa wake mpaka ikamwingia mwilini.

Dhana: Singkil ni ngoma ya wapagani.

Ukweli: Wenyewe ni Wamaranao wa Ziwa Lanao, kisiwani Mindanao, nao ni Waislamu. Kisa kinachochezwa, cha binti mfalme anayepenya salama ardhi ikitetemeka, huhusishwa na Darangen, utenzi wao mrefu ulioanza kabla Uislamu haujafika kwao. UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008. Singkil tunayoiona ikizunguka dunia ilitengenezewa jukwaa na kundi la Bayanihan, lililoanzishwa 1957. Inapendeza kweli, ila ni ya jukwaani.

Dhana: Matambiko ni burudani ya wageni.

Ukweli: Katika pagdiwata ya Watagbanwa wa Palawan, mpunga ukishavunwa, mganga, mara nyingi mwanamke, hucheza kuwaita diwata, mizimu yao. Wali huwekwa kama sadaka, na pombe ya mchele iitwayo tabad hufyonzwa kwa mirija kutoka mtungini. Akishapandwa na mizimu hiyo, hachezei watazamaji tena. Jukwaani huja mavazi na hatua nyepesi; mtungi na mpunga mpya huachwa kijijini.