Abraham Ganz na uzushi kuhusu chuma cha kusubu

"Hiki si cha kusubu? Kitapasuka." Kila anayekuja karakanani kwangu kuagiza puli ya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu (umbo la kumiminia), lazima aniambie hivyo, na siku hizi namjibu kwa jina moja: Abraham Ganz. Ni Mswisi aliyehamia Pest, Hungaria, mwaka 1841, kisha akafungua kiwanda chake cha kusubu ng'ambo ya mto, Buda (miji hiyo miwili leo ni Budapest). Utajiri aliupata kwa magurudumu ya treni yaliyosubiwa. Gurudumu la treni, bwana! Linabeba tani kadhaa, linagongwa na kila kiungo cha reli, na bado breki inalisugua. Kufikia 1867 kiwanda chake kilikuwa kimeshasubu gurudumu la 100,000.

Kinachopasuka ni kazi mbovu. Ganz alizungushia ukingo wa gurudumu kalibu ya chuma iliyopakwa antimoni, aina ya madini, katikati akaacha mchanga. Uji wa chuma ukigusa kalibu baridi hupoa upesi, kaboni iliyomo haipati nafasi ya kujitenga ikawa grafiti (ile kaboni laini ya penseli), basi sehemu inayokanyaga reli inatoka nyeupe na ngumu ajabu. Kwenye mchanga unapoa polepole, chuma kinabaki cha kijivu, kinachovumilia mitikisiko na kukubali kuchongwa. Kipande kilichovunjika kinaonyesha rangi zote mbili, na vyote vilimiminwa mara moja. Kwa hiyo usiniambie "kasti ni kasti", yaani kila chuma cha kusubu ni sawa. Kabla ya kuuliza bei, muulize fundi atakipoza vipi. Na umwache akipoze! Yule anayesimama mlangoni akidai kalibu ifunguliwe jioni hiyo hiyo ndiye atakayerudi na puli yenye ufa akinilaumu mimi.

Uzushi mwingine ni mwepesi kuujibu. Eti Ganz ndiye aliyevumbua transfoma? Ile ya wahandisi Bláthy, Déri na Zipernowsky ilitoka mwaka 1885 katika kampuni yenye jina lake. Mwenyewe alifariki Desemba 1867. Magurudumu ya treni yenye ukingo uliopozwa upesi pia hakuyaanzisha, Wamarekani walikuwa wakiyasubu kabla yake. Yeye aliboresha njia.

Na wanaodhani alihamia na mtaji mfukoni: baba yake alikuwa mwalimu, na Pest alifikia kwenye ajira, katika karakana ya kusubu ya kinu cha unga. Huko ndiko chuma cha moto kilichoruka kilipomharibu jicho moja. Hivyo mteja akitaka kuchungulia tanuri langu bila miwani, namrudisha nje, hata awe na haraka ya namna gani.