Modeli ya konveta maana yake nini hasa

Ukiskia mtafiti wa umeme anasema anatengeneza modeli ya konveta usidhani kuna kitu cha kushika mkononi, modeli hapa ni hesabu, yaani milinganyo inayokwambia volti na ampea zitaendaje kabla hujawasha chochote. Konveta yenyewe, yaani kifaa cha kubadilisha umeme kutoka volti au aina moja kwenda nyingine, unayo nyumbani, chaja ya simu ni konveta, inveta ya sola pia. Ndani mna transista, swichi ya kielektroniki, inayowaka na kuzima hata mara laki moja kwa sekunde, halafu koili na kapasita, vifaa vinavyotunza nishati kidogo, zinalainisha. Unataka volti 5 kutoka kwenye 12? Iache iwake kama 42% ya muda, imetosha.

Sasa ugumu uko hapa, transista ikiwaka una saketi moja, ikizima una saketi nyingine kabisa, utaandika mlinganyo upi? Mwaka 1976 R. D. Middlebrook na Slobodan Ćuk wa chuo cha Caltech kule Marekani walionyesha njia nzuri mno: chukua milinganyo ya kuwaka na ya kuzima, uichanganye kwa kadiri ya muda wa kila moja. Vile vitetemo vidogo vya swichi unaviacha, unabaki na mwendo mkubwa. Ndo inaitwa modeli ya wastani.

Faida yake utaiona kwenye konveta ya kupandisha volti, na hapa ndo panapowachoma wengi. Transista ikiwaka koili inashiba nishati, ikizima koili inamimina kwenye mzigo, yaani kile kinachotumia umeme. Ukiongeza muda wa kuwaka ili volti ipande, muda wa kumimina umeupunguza, kwa hiyo volti inashuka kwanza kidogo ndo ipande. Kontrola, ile sehemu inayopima volti na kurekebisha muda wa kuwaka, ikiwa na haraka na ikiona imeshuka inaongeza tena muda, inashuka tena, inaongeza tena, mpaka ampea zinafumuka na transista inaungua, fundi anaweka mpya nayo inaungua vilevile manake kosa haliko kwenye transista. Modeli inakwambia mapema kontrola isizidi kasi gani. Na kwenye mitambo mikubwa huna namna nyingine, stesheni ya Suswa kule Kenya inapokea umeme wa DC, wa mkondo wa upande mmoja kama wa betri, wa kilovolti 500 kutoka Ethiopia, laini ya zaidi ya kilomita 1,000, nani ataenda kubahatisha kontrola pale?

Lakini wastani unaficha vitu, na transfoma ndo mfano wangu. Ukipandisha masafa, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, kutoka 50 za gridi hadi maelfu, kiini cha transfoma, ile sehemu ya kati inayobeba sumaku, kinaweza kuwa kidogo sana, ndo maana chaja za siku hizi ni nyepesi, na ndo maana watafiti wanahangaika na transfoma ya kielektroniki, konveta huku, konveta kule, katikati transfoma ndogo. Sasa swichi zinazosukuma umeme upande chanya zikichelewa kuzima hata kidogo tu kuliko zinazousukuma upande hasi, kila mzunguko unaacha masalia ya sumaku kwenye kiini, yanajilimbikiza mpaka kiini kinajaa, na kikijaa ile koili inabaki karibu sawa na waya mtupu, ampea zinapaa. Ukiwa na modeli ya wastani pekee hutaliona hilo, inabidi urudi kwenye modeli inayofuata kila swichi, na hesabu ya sumaku ya kiini pia iwemo, hata kama kompyuta itakesha.