Si umeme unaoukumbusha waya umbo lake

Kwa miaka mingi wapenzi wa nitinoli, ile aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli na titani inayoweza kukunjwa kisha ikarudi kwenye umbo lake la awali, wameambizana kwamba umeme ndio unaoupa waya kumbukumbu. Si ajabu waamini hivyo: ukiunganisha betri, waya uliokunjwa hujinyoosha mbele ya macho yako. Lakini utumbukize waya uleule kwenye kikombe cha maji ya moto, nao utajinyoosha vilevile. Mwaka 1961, katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, David Muzzey, mmoja wa wakuu wa maabara hiyo, alikisogezea kipande kilichokunjwakunjwa moto wa kiberiti chake cha kiko, nacho kikajitandaza.

Umeme hupasha joto, basi. Waya una ukinzani, yaani huzuia umeme kupita kwa urahisi, hivyo mkondo ukipita unapata moto, na atomi hurudi kwenye mpangilio wake wa jotoridi la juu. Ukibadilisha chanya na hasi, hakuna kinachobadilika.

Kuufundisha umbo jipya ni kazi nyingine. Waya hufungwa imara katika umbo linalotakiwa, hupashwa hadi karibu nyuzi 500 za Selsiasi kwa dakika kadhaa, kisha hupozwa ghafla kwa maji. Umeme unaweza kufanya hata hili, tena upesi, ila tazama ncha: vibanio vinavyouunganisha waya na umeme hunyonya joto, kwa hiyo sentimita ya mwisho hubaki haijafundishwa wakati katikati pameshaiva. Wengi hapo huongeza mkondo, na katikati paliposhika vizuri panaungua na kupoteza unyumbufu. Afadhali uache waya mrefu kidogo, kisha uzikate ncha hizo.