Feringi ya mbele kwenye pikipiki ya spoti: ni nini, na kwa nini inavunjika ukiitoa vibaya

Feringi ni lile bodi la plastiki linalofunika uso na mbavu za pikipiki ya spoti, kuanzia kioo cha upepo na taa mpaka zile kava za pembeni zinazoficha injini na rejeta. Mafundi wengi wanaita kava tu na mnaelewana. Boxer ya bodaboda haina kitu hicho, injini unaiona yote, ila ukikuta pikipiki ya spoti kama R1 au GSX-R au CBR imepaki mtaani basi ule uso wake wote mkali unaoutazama ndo feringi.

Na sio urembo wakuu. Upinzani wa hewa haupandi sawa na spidi, spidi ikizidishwa mara mbili hewa inakusukuma mara nne, kwaiyo kutoka 50 kwenda 100 sio jambo dogo. Panda pikipiki isiyo na feringi utoke Dodoma mjini, ukishapita Ihumwa kuelekea Morogoro ufungulie kidogo, utaona shingo inavyorudishwa nyuma na kifua kinageuka tanga la jahazi. Feringi inapasua hewa hiyo, nyingine inapita juu ya helmeti, nyingine pembeni ya mabega, nyingine inaelekezwa kwenye rejeta, na kwenye pikipiki kubwa kuna matundu usoni yanayoipeleka moja kwa moja kwenye boksi la ea klina.

Ina ubaya wake pia, upepo wa ubavuni. Zamani kwenye mashindano walikuwa wanafunika mpaka gurudumu la mbele, upepo ukipiga ubavu pikipiki inayumba vibaya, FIM, shirikisho la kimataifa la mashindano ya pikipiki, wakazipiga marufuku kuanzia msimu wa 1958. Za barabarani zilikuja kueleweka zaidi BMW walipotoa R100RS mwaka 1976 ikiwa na feringi kamili iliyopimwa kwenye handaki la upepo. Anayepita ile nyika ya kwenda Manyoni kipindi cha upepo anajua ninachosema.

Sasa kwenye kutoa. Kitu ambacho wengi hawakioni ni kwamba plastiki yenyewe haijibebi. Ndani kuna chuma chembamba kimefungwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, na hicho ndo kinabeba taa, dashibodi, vioo vya pembeni na uso mzima. Pikipiki ikianguka kinapinda hata kidogo tu, alafu mtu anahangaika mwezi mzima matundu hayakutani, analaumu kava aliyouziwa kumbe chuma ndo kimeenda upande. Ukinunua ya mtumba kikague hicho kabla ya kusifia rangi.

Vinavyoshikilia plastiki viko vya aina nyingi na hapo ndo vidole vinaumia. Bolti za aleni, kwenye za Kijapani mara nyingi ni namba 4 au 5, hizo rahisi. Alafu kuna pini za plastiki zenye kitufe katikati, hizi watu wanazichokonoa na bisibisi mpaka zinakufa wakati nyingi unakibonyeza tu kile kitufe kiingie ndani kidogo mpaka usikie tik, kisha pini nzima unaivuta kwa kucha. Kurudisha, unakisukuma kitufe kwa nyuma kitokeze kwanza, unaichomeka pini, ndo unakibonyeza kiwe sawa na kichwa chake. Kuna nati za mpira, zikizeeka bolti inazunguka na mpira wake haitoki mpaka kesho, hapo vuta kava kuja kwako kidogo huku unafungua ili mpira upate kubana. Na kuna vipini vilivyoumbwa na kava yenyewe vimezama kwenye mpira, havina bolti wala nini, vinatoka kwa kuvutwa wima. Ukivuta kwa kupindisha umevunja sikio, yaani kile kijipande cha kava kinachoishikilia.

Utaratibu wa jumla ni siti kwanza, chomoa negativu ya betri, kava za pembeni, ndo uso. Vioo vya pembeni kwenye pikipiki nyingi bolti zake zinapita kwenye feringi na kwenye kile chuma, kwaiyo ukifungua nati zake uso unakuwa umeachia, weka mkono usidondoke. Soketi za indiketa na taa zina kilimi cha kubonyeza, shika soketi usivute waya. Ikigoma kutoka, acha kuvuta. Tafuta, kuna bolti moja imejificha, mara nyingi chini ya kioo cha upepo au nyuma ya gurudumu la mbele.

Bolti usizimwage kwenye kopo moja. Chukua boksi la karatasi, chora umbo la pikipiki, kila bolti ichomeke pale ilipotoka na wosha yake. Ndefu ikiingia pa fupi inaweza kwenda kugusa rejeta, na bei ya rejeta tuiache.

Kwa Dodoma ongeza mawili. Vumbi letu linakaa kwenye maungio, usipoosha kabla linasaga rangi pale kava mbili zinapokutana. Na asubuhi ya mwezi wa saba ile baridi inafanya plastiki iwe kavu kama biskuti, isogeze juani ipate joto ndo uanze. Jua lenyewe likiipiga miaka inakauka vilevile, kwaiyo usiipaki nje bila sababu.

Kufunga, hakuna bolti inayokazwa mpaka zote zimeshika. Weka zote zimelegea, sogeza kava mpaka matundu yakae yenyewe, ndo kaza kidogo kidogo kwa kuzunguka. Ukikaza upande mmoja ukamaliza, upande wa pili utakuwa unalazimisha na ufa utaanzia kwenye tundu. Nguvu ya vidole inatosha, ni plastiki ile. Ile gundi ya kuzuia nati zisilegee usiiguse hapa, nyingine inaila ABS, ile plastiki ya feringi nyingi, inapasuka taratibu. Kabla ya kufunika kabisa rudisha betri, washa taa na indiketa, alafu zungusha usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho uone hakuna kebo iliyobanwa.

Sikio likiwa limeshavunjika, tazama kwa ndani, za kiwandani nyingi zimechapwa herufi ABS. Hiyo inaungwa kwa moto au kwa vipande vya ABS vilivyoyeyushwa kwenye asetoni, inashika kweli. Supagluu itashika leo, mtetemo wa injini utaitoa wiki ijayo. Kama ni faiba inataka resini na kitambaa chake, mpelekee anayetengeneza bodi za magari.

Ukimaliza nenda Chamwino urudi, yale matuta yatakuambia. Ikilia krr krr usikimbilie kukaza zaidi, angalia kwanza kama kuna mpira uliobaki kwenye sakafu ya gereji.