Ulinzi wa Kifaransa na Lawama Anazobebeshwa Askofu wa c8

Kila ninapofundisha Ulinzi wa Kifaransa, ufunguzi wa sataranji ambapo Nyeupe husogeza askari e4 na Nyeusi e6, kisha d4 na d5 (herufi ni safu wima za ubao, namba ni safu mlalo), malalamiko huwa yaleyale: eti askofu wa c8 amefungiwa nyuma ya askari wa e6, hivyo Nyeusi huanza mchezo akiwa na kete moja pungufu. Kwa kuiamini dhana hii, wanafunzi husogeza b6 na kumpeleka askofu a6 ili wamwondoe mapema, huku farasi wao wakiwa bado hawajatoka.

Kwamba askofu huyo amebanwa, sibishi. Kinachonikera ni kumfanya yeye kuwa mpango mzima wa mchezo. Nyeupe akisogeza e5, askari wake wa d4 na e5 huunda mnyororo unaomwachia nafasi pana upande wa mfalme, na huko ndiko atakakoshambulia. Nyeusi analazimika kuuchimba mnyororo huo kwenye shina lake, d4, kabla ya jambo jingine lolote: c5 mara moja, farasi c6, malkia b6, na mara nyingi farasi wa pili kupitia e7 hadi f5. Baadaye husogeza f6 ili kukigonga kichwa cha mnyororo, e5. Katikati pakishafunguka, askofu aliyedharauliwa hupita d7 na e8 akatokea g6 au h5. Na hata kabla ya hapo huweza kwenda b5 kubadilishana na askofu wa d3, ambaye ni miongoni mwa kete bora za Nyeupe.

Tena akiwa d7 hajakaa bure. Askari wakishabadilishana pale d4, Nyeusi mwenye pupa humla askari aliyebaki kwa farasi, Nyeupe akamla farasi huyo kwa farasi wake, malkia mweusi akalipiza. Ndipo askofu mweupe anapotoka d3 kwenda b5 akimpa mfalme cheki, na Nyeusi akishughulika na cheki hiyo, malkia wa d1 humla malkia mwenzake. Nyeusi akitanguliza askofu d7, cheki hiyo haipo, na tishio la kumla askari wa d4 huwa la kweli.

Wapo pia wanaodhani kuwa e5 humpa Nyeupe shambulizi la bure. Humpa nafasi, na nafasi hiyo hudumu kadiri d4 inavyolindwa, ndiyo maana nasisitiza askari wa c3 wa kuilinda. Anayekimbilia kumla askari wa c5 huing'oa mwenyewe nguzo ya e5.

Ulinzi huu hauitwi wa woga na anayejua historia yake: jina lilitokana na mechi ya barua iliyoanza mwaka 1834, ambapo wachezaji wa Paris waliutumia dhidi ya London na kushinda. Mwaka 1974 Korchnoi, mchezaji mahiri wa Kisovieti, aliutumia tena na tena dhidi ya mwenzake Karpov, akikubali askari mpweke wa d5 (asiye na askari mwenzake katika safu wima za jirani) ili kete zake, askofu wa c8 akiwemo, zipumue.

Na kwa wanaosema kubadilishana askari pale d5 katika hatua ya tatu ni suluhu tu: safu wima ya e imefunguka kwa wote, Nyeupe anaweza kusogeza c4 na kukubali askari mpweke wa d4, na wafalme wanaweza kujihifadhi pande tofauti. Askofu wa c8, hapo, yuko huru tangu hatua ya tatu.